Majalala ya Wagiriki katika Pori la Kasenga

Lubumbashi chupa tupu haitupwi. Anayetaka kunywa bia yake ya Simba nyumbani hupeleka vidanje, yaani chupa tupu, dukani kwanza, na akikosa vidanje hulipia chupa juu ya bei ya bia. Sokoni chupa kubwa ya bia ndiyo kipimo cha mawese, cha asali ya porini na cha karanga za kukaanga. Ina kazi nyingine pia, kubeba mafuta ya taa, pombe kali ya lutuku na dawa za mizizi. Nilipokuwa mtoto Katuba, kuvunja chupa lilikuwa kosa la kuitiwa mbele ya baba.

Kwa hiyo mama mmoja muuza uyoga aliponiambia kwamba karibu na kwao Kasenga kuna mahali porini ambapo chupa nzima zimelala chini ya majani na hakuna anayeziokota, nilimuuliza mara mbili. Alinieleza kwa subira. Chupa zenyewe ni nene na nzito, shingo zake ni za ajabu, na ukipeleka dukani hawazipokei kwa sababu si za bia yoyote inayouzwa leo. Ukipimia mawese, mteja anakataa, maana hajui ujazo wake. Basi zimebaki huko.

Swali likanikaa. Katika nchi ambayo chupa hufanya kazi mpaka ivunjike, ni nani aliyewahi kuwa nazo nyingi kiasi cha kuzitupa? Nikafunga mzigo.

Barabara ya Kasenga inatoka mjini kwa upande wa kaskazini-mashariki, na hadi Mto Luapula ni zaidi ya kilomita 200. Alfajiri unapishana na baiskeli za mkaa zinazoingia mjini, magunia yamepangwa juu kupita kichwa cha mtu, mwenye baiskeli akisukuma kwa miguu kwa kuwa kiti kimefunikwa. Baba yangu alizoea kusema kwamba pori linaanzia nyumba ya mwisho ya mji. Siku hizi unakwenda kitambo kirefu kati ya visiki na vichaka vifupi kabla ya kufika penye miti inayostahili jina hilo. Hili lazima liandikwe katika safari yoyote ya kutafuta vitu vya kale porini, kwa sababu pori lenyewe linaondoka, na likiondoka ardhi inalimwa, na jembe halichagui kati ya kigae na jiwe.

Miti ikianza kweli, ni miombo: muputu, musamba, musuku wenye matunda yanayopendwa na watoto. Nilisafiri mwishoni mwa kiangazi, wakati miti hii inapochipua majani mekundu hata kabla mvua haijanyesha. Kati yake vimesimama vichuguu vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba. Kasomeno njia inagawanyika. Moja inaendelea kaskazini kwenda Pweto, kwenye kona ya Ziwa Mweru, na nyingine inateremka mashariki kuingia bonde la Luapula. Joto linapanda kadiri unavyoshuka. Uwanda wa Kundelungu, wenye maporomoko ya Lofoi ya zaidi ya mita 300, unabaki nyuma yako upande wa magharibi.

Kasenga iko ukingoni kabisa mwa mto, na ng'ambo ni Zambia, Wilaya ya Mwense. Kutoka maporomoko ya Mambilima, yaliyo juu zaidi mtoni, kushuka hadi ziwani, Luapula inapitika kwa mashua. Hilo ndilo lililoifanya Kasenga kuwa bandari. Reli ilifika Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata kampuni ya migodi ya Union Minière ikawasha tanuru lake la kwanza la shaba. Wanaume walikuwa wakiletwa kwa maelfu kufanya kazi migodini, na watu hao walipaswa kula. Samaki walikuwa Luapula na Mweru. Waliosimama kati ya samaki na walaji walikuwa wafanyabiashara wa Kigiriki waliokuja kukaa Kasenga. Walinunua samaki kwa wavuvi, wakavua wenyewe kwa mashua kubwa walizounda hapo hapo mtoni, wakawalaza samaki juu ya barafu na kuwapakia kwenye malori kwenda mjini. Kwa miongo kadhaa, mfanyakazi wa mgodi aliyekula samaki mbichi Elisabethville mara nyingi alikula samaki aliyepita Kasenga.

Nilikwenda kwanza kwa chifu wa kijiji na sukari na chumvi, kama inavyopasa, nikaeleza ninachotafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama natafuta madini. Ni swali la haki kabisa. Katika mkoa huu mgeni mwenye fimbo anayeinama kuangalia udongo ana maana moja tu, na watu wameshaona mashamba yao yakigeuka mashimo kwa sababu ya mgeni wa namna hiyo. Nilimwonyesha daftari langu na picha za chupa. Akanipa mzee mmoja, mvuvi wa zamani, anitembeze, na akasisitiza jambo moja: shamba lina mwenyewe, na mwenyewe lazima aseme ndiyo kabla sijachimba.

Mzee huyo, ambaye kila mtu alimwita Tata nami nikafanya hivyo, alikuwa mtoto wakati Wagiriki bado wapo. Anachokumbuka zaidi ni barafu. Vipande vilidondoka malori yakipakiwa, na watoto wakavigombea na kuvifyonza mpaka midomo ikafa ganzi. "Barafu tuliijua," aliniambia, "umeme hatujaujua." Kijiji cha wavuvi chini ya jua la Luapula kilikuwa na barafu kwa sababu mji wa shaba ulikuwa na njaa. Sikuwa nimefika hata porini, na tayari nilikuwa na jibu la nusu ya swali langu.

Aliponichukua, sikuona akitafuta chupa. Alikuwa akitafuta nyumba. Chupa haisafiri peke yake. Ilinywewa au ilitumiwa mahali fulani, na aliyeitupa hakwenda nayo mbali. Nyumba zenyewe zimeanguka, matofali mengi yamebebwa kujengea kwingine, lakini pori linaacha alama kwa anayejua kusoma. Miembe ni alama ya kwanza. Mwembe mmoja unaweza kuota kutokana na kokwa la mpita njia, lakini miembe sita kwa mstari ilipandwa na mtu aliyetaka njia yenye kivuli hadi mlangoni. Mkonge ni alama, na maua ya bogenvilia yaliyopanda juu ya musuku na kuchanua zambarau mahali ambapo hapana ua tena. Tata alisimama mbele ya kichuguu kimoja akanionyesha kwa fimbo kwamba upande wake mmoja umekatwa wima. Udongo wa kichuguu ndio unaofyatuliwa matofali mazuri kuliko yote Katanga. Palipokatwa hubaki shimo, na shimo lililo nyuma ya nyumba mpya, karibu na jiko, halikai tupu. Kila nyumba ya matofali ilichimba jalala lake yenyewe siku ilipojengwa.

Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo, tukamkuta akikusanya mihogo. Alitupokea kwa "mwaiseni" ya Kibemba, tukaketi, tukanywa munkoyo, na baada ya habari za wote nyumbani Tata akaeleza haja yetu. Mama alisema hapo nyuma ya kichuguu halimi kwa sababu vioo vinakata miguu ya watoto. Tukiviondoa tutakuwa tumemsaidia. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita wiki chache kabla, nyasi zimekuwa majivu, na kabla hatujafika tuliona jua likimetameta chini.

Juu kabisa palikuwa na vitu ambavyo mtu wa umri wangu anavitambua bila kufundishwa. Kikombe cha enameli kilichotoboka. Vioo vya taa ya chemni. Vijiti vyeusi vya ndani ya betri, maana zinki yote imeliwa na udongo. Makopo ya sadini yaliyokuwa kutu tupu, yakivunjika ukiyagusa. Chini ya hayo zilikuja chupa za bia za kahawia, na chini zaidi, upande ambao mvua imekula ukingo wa shimo, vioo vizito vya kijani cha giza. Tulitumia fimbo na jembe la mkono, taratibu, na nilichora kila kitu kilipolala kabla ya kukiinua.

Chupa ina umri wake mwilini. Tazama mshono, ule mstari mwembamba uliobaki pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ukipanda kutoka ubavuni ukapita shingo na kufika juu kabisa ya mdomo, chupa ilitengenezwa na mashine nzima, na mashine ya namna hiyo ilianza mwaka 1903 na Mmarekani Michael Owens. Mshono ukifia shingoni, mdomo uliongezwa au ulilainishwa kwa mkono wa fundi, na mara nyingi hiyo ni kazi ya kabla ya mashine kuenea. Tazama mdomo wenyewe: ukiwa na ukingo wa kushika kifuniko cha bati chenye meno, kile tunachokifungua kila siku, ni baada ya mwaka 1892, William Painter alipopata hataza yake huko Baltimore. Mdomo wa kizibo cha koki ni jambo jingine. Na ukibahatika kukuta chupa yenye shingo iliyobanwa na gololi ya kioo ndani, hiyo ni ya maji ya soda ya namna aliyoibuni Mwingereza Hiram Codd miaka ya 1870. Watoto wa dunia nzima walizivunja ili wapate gololi, ndiyo maana ni adimu kuikuta nzima.

Rangi nayo husema. Tulipata vipande vilivyokuwa na zambarau hafifu, na Tata alidhani ni chupa za manukato. Zilikuwa nyeupe zilipotupwa. Watengenezaji wa zamani walitia manganizi kwenye kioo ili kuondoa ukijani wa asili, na kioo cha namna hiyo kikipigwa na jua miaka mingi hugeuka zambarau chenyewe. Desturi hiyo ilipungua sana tangu Vita vya Kwanza vya Dunia. Kipande cha zambarau juani ni cha watu wa mwanzo kabisa wa mahali hapo, na kimekuwa juu ya udongo, si chini yake, muda wote huo. Manganizi yenyewe imechimbwa kusini mwa nchi yetu, Kisenge, mkoani Lualaba. Sijui kama kuna mtu pale ambaye amewahi kuonyeshwa kioo hiki.

Lakini kipande kilichonishika kuliko vyote kilikuwa kitako tu. Kilikuwa cha mraba, kijani karibu na weusi, kimejaa viputo vya hewa: kitako cha chupa ya jini, zile za pembe nne zilizopangwa vizuri kwenye sanduku bila kuacha nafasi. Chupa hizi zilifurika pwani ya magharibi ya Afrika, na huko makaburi ya baadhi ya wakuu yalipambwa nazo. Hapa kwetu hali ilikuwa nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka vikwazo vya pombe kali katika eneo kubwa la Afrika ya kati, na mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaviongezea nguvu. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa pombe kali, na vizuizi hivyo vilidumu hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo kitako hiki, kwa mujibu wa sheria, kilikuwa mezani kwa mzungu. Mvuvi aliyeleta samaki waliolipia jini hiyo hakuruhusiwa hata kuinunua. Huenda alipewa kisirisiri, huenda kapita, yaani msimamizi, aliichukua. Sheria na maisha si kitu kimoja. Hata hivyo, ukiwa na kitako hicho mkononi, umesimama katika shamba la mihogo la mjukuu wa wavuvi hao, hesabu ya nani alipata nini inakuwa nzito mkononi kuliko katika kitabu chochote cha historia nilichosomeshwa.

Hapo nikaelewa pia kwa nini jalala hili lipo na mengine hayapo. Nilimwomba Tata anionyeshe mahali walipoishi wavuvi na wapakiaji wa enzi hizo. Tulikwenda. Miembe ipo, mawe ya mafiga yapo, vigae vya vyungu vipo tele, na tulizunguka mpaka jua likainama bila kupata chupa. Walikuwa nazo, bila shaka, lakini kila iliyoingia mikononi mwao ilifanya kazi mpaka mwisho wake, ikagawanywa, ikarithiwa, ikavunjika njiani kwenda kisimani. Anayehesabu watu kwa vitu walivyotupa atawahesabu matajiri mara mia na maskini hata mara moja hatawaona. Nimesoma maelezo ya wachimba chupa wa Uingereza na Marekani, wanaofurahia majalala ya karne ya 19 kana kwamba yanaeleza maisha ya kila mtu wa zamani. Kasenga imenionyesha kwamba jalala linaeleza maisha ya aliyekuwa na cha kutupa. Wengine lazima uwaulize watu, kwa mdomo, na mapema, kabla akina Tata hawajaondoka.

Watoto walikuwa wametuzunguka muda huo wote. Mmoja alikimbia nyumbani akarudi na sarafu ya shaba nyeusi aliyoipata dada yake akilima. Upande mmoja una kichane cha ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba, na mwaka 1961. Ni faranga ya Katanga, nchi iliyotangazwa na Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960 na kuzimwa Januari 1963. Ilikuwa nchi isiyotambuliwa na taifa lolote, lakini ilipata muda wa kugonga sarafu, na sarafu zake zikafika hadi shamba la mihogo ukingoni mwa Luapula. Sikumwomba mtoto aniuzie. Nilipiga picha, nikamweleza ni nini, na akaenda kuwaeleza wenzake kwa sauti kubwa zaidi yangu.

Ule msalaba wa kwenye sarafu una asili ya mbali. Misalaba ya shaba iliyeyushwa na kumiminwa Katanga kwa karne nyingi kabla mzungu hajaja, ikasafiri kama fedha. Katika makaburi ya Sanga, kwenye Ziwa Kisale, yaliyochimbwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, imekutwa pamoja na wafu. Shaba hiyo hiyo ndiyo iliyomvuta Msiri kutoka nchi ya Wanyamwezi katikati ya karne ya 19 mpaka akajenga dola lake Bunkeya. Bonde hili la Luapula halikuwa pembe iliyosahauliwa. David Livingstone alipofika Mweru Novemba 1867 na kwenda kwa Mwata Kazembe, ng'ambo ya mto, alimkuta huko mfanyabiashara wa Kiarabu, Muhammad bin Salih, aliyekuwa ameishi pale miaka mingi. Misafara ya pwani ilikuwa inapita. Shanga zilizoletwa na misafara hiyo bado zinatoka ardhini mvua ikinyesha. Nilionyeshwa chache nyekundu na za samawati, zimehifadhiwa katika kopo la dawa na mwanamke mzee ambaye hakutaka kuziachia hata kidogo, na alikuwa na haki.

Nilizungumza na Tata kwa muda mrefu kuhusu lini jalala lilikoma. Juu ya tabaka la bia na enameli hakuna kitu, ni majani na majivu tu. Nyumba ile haikufa polepole, ilisimama ghafla. Tarehe ninayoijua ni 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatakabidhiwa Wazaire. Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine walipoteza maduka yao nchi nzima, na wengi waliondoka. Tata alikumbuka malori yaliyosimama, kisha yakabomolewa kipande kwa kipande. Lakini alinirekebisha jambo moja ambalo nisingelijua kwa kusoma vioo. Biashara kubwa, alisema, ilikuwa imeshapungukiwa zamani, kabla ya Mobutu, kabla hata ya uhuru. Samaki walikuwa wamekwisha.

Samaki aliyemzungumzia ni mpumbu. Maji ya mvua yalipoanza kupanda, mpumbu walikusanyika na kupanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Kila mtu wa mtoni aliijua siku hiyo. Wakuu wa zamani walikuwa na taratibu zao za nani avue wapi na lini. Biashara ya barafu na malori haikuwa na subira ya namna hiyo, kwa sababu mpumbu anapopanda kutaga ndipo ni rahisi kuliko wakati wowote kumzuia kwa nyavu, na amejaa mayai. Walivuliwa wakipanda, mwaka baada ya mwaka, na kufikia katikati ya karne ya 20 makundi yale yalikuwa yamevunjika. Wavuvi wakageukia samaki wengine, na miongo kadhaa baadaye chisense, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa na kukaushwa juani kama dagaa. Ndio waliojaza soko la Kasenga nilipopita, na wauzaji karibu wote walikuwa akina mama.

Nilitafuta mpumbu katika jalala. Nilitafuta kwa makusudi, kwa sababu kila kitu mle ndani kililipiwa na yeye: jini, sadini wa kopo waliosafirishwa kutoka Ulaya hadi kijiji cha wavuvi, enameli, vioo vya taa. Sikuona hata mwiba. Mifupa ya samaki ni laini, mbwa wanaila, udongo wa kichuguu unaila. Chupa ya mtu aliyekaa miaka michache inabaki karne nzima, na samaki waliolisha migodi ya Katanga hawakuacha hata kigae. Kule kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948, vigae vya sahani za Kichina na za Uajemi ndivyo vilivyompa umri wa kuta zile. Takataka za matajiri wa Gedi zimekuwa historia yetu ya pwani, na ninazithamini. Hapa Kasenga ningependa mtu aandike historia ya mji akianzia kwa kitu ambacho hakimo jalalani.

Kuna tahadhari ambazo mtu anayependa kazi hii huku lazima azisikie. Vita havikuwa mbali. Pweto ilitekwa Desemba 2000, majeshi na raia wakakimbilia Zambia, na magari ya kijeshi yakabaki yameungua kwenye kivuko. Baadaye waasi wa Mai-Mai walihangaisha vijiji vya kaskazini kwa miaka. Chuma chochote cha duara au chenye mapezi kiachwe kilipo, na watu wa mahali waulizwe kwanza. Fira na moma hupenda mashimo ya vichuguu. Na kuna wanunuzi wa vyuma chakavu, wanaopita na mizani kijiji hadi kijiji. Wamechukua nanga, minyororo na boriti za mashua za Wagiriki, na siwezi kumlaumu mtu mwenye njaa anayeuza chuma kilichokufa. Linaloniuma ni kwamba hakuna aliyepita kabla yao na daftari. Lubumbashi ina makumbusho ya taifa, ina chuo kikuu chenye walimu wa historia na vijana wenye nguvu. Sasa kuna mpango wa barabara kubwa na daraja la Luapula kutoka Kasomeno kwenda Mwenda, Zambia. Malori yatapita, ardhi itapanda bei, majalala yatasawazishwa. Wanafunzi kumi na chifu mwenye hiari wangeweza kuchora kila mstari wa miembe kuanzia Kasenga hadi ziwani kwa likizo moja.

Jioni tulipanga vilivyopatikana kwenye mkeka wa mama mwenye shamba. Alivipitia kimoja kimoja. Chupa tatu zilikuwa nzima. Moja alikataa kwa sababu ya harufu, ingawa mimi sikusikia harufu yoyote. Nyingine, ya kijani, yenye mabega mapana, aliitia maji, akaitikisa, akaipima kwa chupa yake ya bia ili ajue tofauti, akasema hiyo ni ya mawese ya nyumbani, si ya sokoni. Ya tatu akampa Tata. Vigae vya kukata miguu tulivifukia upya katika shimo lile lile, ndani zaidi, na kitako cha jini akaniambia nibebe kwa kuwa hakina faida kwa mtu. Nimekiandikia karatasi: mahali, upande wa kichuguu, kina, tabaka lililokuwa juu yake, na kwamba kilitolewa kwa idhini ya mwenye shamba.

Anayetaka kwenda, aende kati ya Agosti na Oktoba, moto ukishapita na mvua haijaanza. Januari nyasi zinamzidi mtu kimo, na barabara kutoka Kasomeno ina matope. Apite kwa chifu kwanza, abebe chumvi, na amtafute mzee aliyewahi kufyonza barafu.